Makaa Juu ya Kifuniko

Juzi mjukuu wangu Faida aliniomba nimfundishe kupalia wali kwa mkono, nikamfokea mpaka jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini. Kuna nini! Kuna mtoto amechuchumaa mbele ya moto, wali umekauka maji, kifuniko kiko mahali pake, na yeye ananyoosha vidole vyake kuelekea makaa mekundu huku akinijibu mimi bibi yake bila aibu, "Nkambo, si weye mwenyewe unafanya? Niko nakuona kila siku." Ananiona, ndiyo. Mimi koleo ninayo, imening'inia ukutani, na situmii.

Ninyi wa rika langu, mliokula wali wa Kasongo enzi zile, hamna haja ya kuelezwa. Maji yakikauka unapunguza moto chini, unachukua makaa na kuyapanga juu ya kifuniko cha sufuria, wali uive kwa joto la chini na la juu, punje zisimame mojamoja. Huko ndiko kupalia. Wengi hupalia kwa koleo, na asiye na koleo huchota makaa kwa kigae cha chungu kilichovunjika. Mama yangu alipalia kwa vidole.

"Kwani weye huungui?" Faida akaniuliza.

"Naungua," nikamwambia. "Kila siku ya Mungu naungua."

Akacheka, hakuniamini. Nikapalia mwenyewe. Tone la mafuta lilikuwa limedondokea kifuniko, kaa likalikuta, harufu ikapanda. Ee jamani, harufu ile! Niliacha kila kitu nikatoka kwenda kukaa barazani, nikalia, mzee mzima na meno yangu machache yaliyobaki. Nilimlilia mama yangu kama vile wamekuja kunipa habari asubuhi ile ile.

Tulikaa Kasongo, upande wa msikiti, katika nyumba ya udongo yenye ua wa matete. Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza la duka la watu. Mimi nilikuwa mtoto pekee aliyebaki hai, ndiyo maana mama aliitwa Mama Mwamini kwa jina langu na si kwa jina la wale waliotangulia. Kazi yake ilikuwa kupika. Hakuna harusi, hakuna maulidi, hakuna hitima upande wetu ambayo sufuria zake hazikupitia mikononi mwa mama. Siku ya shughuli alikuwa akivaa kitenge chake cha zamani, anajifunga kibwebwe, anaingia kati ya mafiga kama jemadari, na wanawake wakubwa kwake walikuwa wanangoja aseme ndipo wachochee moto.

Na kilichofanya watu wasogee kumtazama ni pale pa kupalia. Wanawake wengine wakishika kaa kwa vidole walilirusha upesi huku wakisonya, na baadaye wakachovya vidole kwenye maji. Mama hakurusha. Alikuwa anachagua kaa taratibu kama mtu anayechagua nyanya sokoni, anageuza upande huu na ule, anaweka, anarudi kuchukua jingine huku akiendelea na hadithi aliyokuwa akisimulia. Kulikuwa na jirani yetu mmoja, Mama Salima, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Yeye alikuwa akipiga makofi na kusema, "Hii mwanamuke Mungu alimuumba na udongo wa chungu! Sisi wengine ni udongo wa njiani tu!" Watu wanavunjika mbavu. Mama naye anainamisha kichwa, anaona haya, lakini mimi niliyemjua niliona jinsi alivyofurahi.

"Ni mazoea," alikuwa anasema. "Hata weye, Mama Salima, ukizoea, moto utakujua."

Moto utakujua. Mimi mtoto nikalichukua neno hilo zima zima. Nikaona moto ni kama mbwa wa nyumbani, unamuuma mgeni na kumlamba mwenye nyumba. Nikajua kwamba kila mwanamke mwenye heshima zake hufika siku moto ukamjua, na kwamba mama alikuwa amefika zamani. Nami nikataka kufika.

Nilipomwomba anifundishe hakunikatalia. Enzi zile mtoto wa kike kuingia jikoni halikuwa jambo la kuuliza. Alinionyesha kila kitu kwa mpango wake. Kwanza vidole viwe vikavu, upake majivu. Halafu usichukue kaa linalowaka jekundu tupu, chukua lile lililoanza kujifunika majivu. Usilibane, libebe tu. Tena usisite, kwa sababu moto unamuuma anayesita. Mara ya kwanza nililibana, nikasita, nikaliangusha juu ya mguu wangu mwenyewe. Nililia mpaka kuku wakakimbia. Mama alinichukua mapajani, akanipuliza vidole, akanipaka mafuta ya mawese, akicheka na kunibembeleza kwa wakati mmoja.

"Mwanzo ni mugumu, mama yangu. Hata miye nililia sana."

"Na sasa?"

"Sasa haiumi."

"Iliacha lini?"

Akafikiri. Nakumbuka alivyotazama juu, kwenye masizi ya dari. "Sijui," akasema. "Iliisha yenyewe, kidogo kidogo."

Sentensi hiyo ninayo mpaka leo. Aliisema kwa raha, bila wasiwasi wowote. Aliamini, naapa aliamini, kwamba ni matunda ya kazi yake.

Basi tukaendelea, kila siku ya wali. Nilianza na kaa moja la katikati. Baadaye nikaweza matatu, halafu nusu ya ukingo, halafu ukingo mzima, makaa yamekaa duara kama wanakisomo. Mkono wangu ukapata wepesi. Nikajifunza kutoa pumzi ninapolinyanyua na kuivuta ninapoliweka. Baba akirudi anakuta wali umepaliwa na mimi, anasema, "Leo tumepikiwa na bi harusi," nami nachekelea. Lakini kitu kimoja hakikuja. Maumivu hayakuisha. Mama akiniuliza, "Leo namna gani?" namjibu, "Inauma, mama, lakini kidogo tu." Kidogo gani! Nilikuwa ninalala nimefumbata vidole kwenye kwapa.

Siku ile tulikuwa wawili tu, mchana, baba yuko kazini. Nilikuwa nimeangusha kaa tena, na mama akasema, "Haraka yako ndiyo inakuharibia. Kaa hapa karibu. Nitafanya polepole, utazame vidole." Akachukua kaa kubwa. Akaliweka kiganjani, akanionyesha linavyokaa, linavyogeuzwa, kidole kipi kinaongoza na kipi kinafuata. Alieleza vizuri sana. Mimi macho yangu yalikuwa kwake, na pua yangu ikanasa harufu.

"Mama, nani iko nachoma nyama?"

Na yeye akanusa. "Siyo kwetu," akasema, akageuka kutazama uani kwa Mama Salima. Uani kwa Mama Salima hakukuwa na moto.

Nikaona moshi mwembamba unatoka kati ya vidole vyake. "Mama! Mukono!"

Akatazama chini. Kaa lilikuwa limeshikana na kiganja. Alikung'uta, likaanguka na ngozi yake. Mama hakusema hata aii. Alibaki akipaangalia pale mahali palipokuwa pekundu, muda mrefu, kama anayeangalia mkono wa mtu mwingine. Kisha akanyoosha mkono wa pili, akaligusa lile kaa pale chini lilipoanguka, akaacha kidole juu yake, na akaniinulia macho.

"Hii kaa, weye ukiishika, inakuuma?"

"Inauma, mama."

"Na jana iliuma?"

"Na jana."

"Haijapata siku moja ikaacha kukuuma? Sema kweli, Mwamini."

Nikainamisha kichwa. Nilijua nimeshikwa. Uongo wangu wote wa kidogo tu umefichuka, na mwalimu wangu amejua kwamba muda wote ule sijajifunza lolote. "Haijaacha," nikasema. "Lakini nitaweza, mama. Nitazoea."

Mama akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia vile, hata pale mdogo wangu alipozikwa. Alikuwa akilia bila sauti, mabega yanamtikisika, na mimi nikasogea, nikamwambia nisamehe, nisamehe mama, nitazoea. Akanyoosha mikono kunishika. Halafu akairudisha haraka, kama nilivyokuwa nikifanya mimi mbele ya makaa.

Hakunigusa tena. Usiniulize ni vipi mama na mtoto wanaishi nyumba moja bila kugusana, mimi niliiona. Mkeka wangu ulihamishiwa upande wa baba. Sahani yangu iliwekwa peke yake. Kusukwa nywele nilipelekwa kwa Mama Salima, mwenye mkono mzito na mdomo usiopumzika, na nilipouliza kwa nini mama hanisuki mwenyewe, Mama Salima alinigeuza kichwa upande wa pili, akaanza kuimba. Mimi nilikuwa na jibu langu. Nilijua ninaadhibiwa. Mama mwenye mikono iliyosifiwa Kasongo nzima amezaa mtoto mzito wa kujifunza, na amemchoka.

Walikwenda yeye na baba kwa waganga wa Leta, yaani wa serikali, kwa hiari yao. Hakuna aliyewafuata. Waliporudi, baba aliingia ndani moja kwa moja akaketi mbele ya cherehani mbovu aliyokuwa ameiweka pembeni, akawa anazungusha gurudumu bure, bila nguo, bila uzi. Amri ya Leta tuliijua wote: mwenye ule ugonjwa hakai mjini, anakwenda kambini, njia ya Kabambare. Ukoma. Nyumbani kwetu hilo jina halikutamkwa, lilikuwa ugonjwa tu, ule ugonjwa. Na mimi kwa kuwa halikutamkwa, sikujua.

Asubuhi ya kuondoka, baba alifunga mzigo wake kwenye kinga, ile baiskeli yake nzito nyeusi. Mama alisimama kizingitini, mimi nilikuwa ndani kwenye ukuta wa mwisho, kwa sababu ndipo alipotaka nisimame. Alikuwa amefunga mkono kitambaa.

"Mwamini, umupikie baba yako vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Na makaa ushike na koleo. Umesikia? Koleo."

Ndiyo maneno aliyoniachia. Yeye, aliyenifundisha kwa mkono! Nikaona basi, amekata tamaa na mimi kabisa. Hata kwaheri yake ilikuwa kuniambia siwezi.

Dada yake baba akaja kutulea. Shangazi alikuwa mwanamke mkavu, mpenda kazi, hana muda wa machozi. Alikuwa na shamba la pamba, ile pamba ya lazima iliyowatoa watu jasho, na kila alfajiri alikwenda huko akaniachia jiko. Sisemi alikuwa mbaya. Lakini mtoto akimuuliza maswali kumi, la kumi na moja alijibu chochote.

"Shangazi, mama atarudi lini?"

"Mama yako amekwenda kukaa na wenzake."

"Wenzake gani?"

"Wale wenye moto hauwaumi. Kule wako wengi."

"Na mimi nitakwenda?"

"Aka! Weye unasikia moto. Mwenye anasikia moto haingii kule."

Alisema, akajitwika kikapu chake kichwani akaenda zake kwenye pamba. Na mimi nikabaki nimesimama na furaha iliyonijaa mpaka kooni, kwa sababu sasa nilielewa. Mama hakunitupa. Kuna mahali pa watu ambao moto umewajua, mahali pa mafundi, kama shule, na mama amechukuliwa huko kwa sababu ameweza. Mimi bado sijaweza. Nikiweza, nitaingia, nitakaa naye.

Masika yote yale nilifanya mazoezi. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kunikataza. Nilipalia wali, nilipalia mihogo isiyohitaji kupaliwa, nilipalia sufuria tupu. Wenzangu walikuwa wanaita nje, "Mwamini, njoo mutoni!" mimi siendi. Na naomba mnielewe, niliweza kweli. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama kwato. Nilijua kwa kutazama tu kaa lipi limekomaa na lipi ni la hila, linaloonyesha majivu nje na ndani limejaa moto. Nilijifunza kulibeba likiwa linaviringika kidogo kidogo, lisipate pa kukaa. Tena nilijifunza uso. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, uso usijikunje, macho yasitoe maji, mdomo uendelee kusimulia hadithi kama mama. Hakukuwa na wa kumsimulia, nilikuwa ninamsimulia paka.

Mpunga mpya ulipovunwa, baba akasema tutakwenda kumwona. Nilipanda nyuma ya kinga nimepakata gunia dogo la mchele, na koleo ya mama imefungwa pembeni kwa kamba. Njia ile nyekundu ya Kabambare sikuiona, sikumbuki kijiji wala daraja. Nilikuwa ninapitia somo langu kichwani. Vidole vikavu, majivu, bila kubana.

Kambini kulikuwa na gogo kubwa lililolazwa chini. Upande huu sisi wageni, upande ule wao, na katikati uwanja mtupu wenye majani yaliyofyekwa. Desturi ilikuwa kwamba jamaa wanapika upande wao, ili mgonjwa apate chakula cha moto cha nyumbani. Chakula kikiiva wanakiweka juu ya gogo, wanarudi nyuma, ndipo mwenyewe anakuja kukichukua. Mama alikuwa amekwisha kukaa chini upande wake, ananisubiri. Alikuwa amekonda, mikono yote miwili imefungwa vitambaa vyeupe, lakini kibwebwe chake kilikuwa kimefungwa vilevile kama siku ya shughuli.

"Umekua, Mwamini!" akapaza sauti. "Ee Mungu, tazameni mutoto wangu alivyorefuka!" Wanawake waliokaa naye wakacheka, wakanisalimia. Kulikuwa na furaha, nasema kweli. Nikainjika sufuria. Mama akawa ananiongoza kwa mbali, weka chumvi, acha usikoroge, ngoja, ngoja, na mimi naitika, "Ndiyo, mama," na tulikuwa kama tuko jikoni kwetu.

Maji yakakauka. Baba akanipa koleo. Nikaisukuma pembeni.

Nikapaka vidole majivu. Nikachagua kaa la kwanza, nikalibeba taratibu, nikaliweka. La pili. La tatu. Nilizunguka ukingo mzima bila haraka, uso wangu umetulia kama maji ya mtungi. Baba alikuwa ameshikwa na bumbuwazi. Kisha nikachukua kaa kubwa kuliko yote, nikaliweka kiganjani, kama alivyonionyesha siku ile, nikasimama nikainua mkono juu auone.

"Mama, tazama! Haiumi tena! Nimeweza, niko tayari!"

Mama alisimama, na sauti iliyomtoka sitaki kuieleza. Alipiga magoti, akawa anapiga ardhi kwa ile mikono yake iliyofungwa, anasema, "Hapana, ee Mola, siyo huyu, siyo huyu." Wenzake wakamshika. Mimi kaa lilikuwa linanila kiganja, machozi nimeyabana kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa ninajiuliza, mbona hafurahi? Ama sikulishika vizuri?

Akaja mtu mbio, munganga wa kambi, mtu mweusi kama sisi mwenye kaptula nyeupe. Alinipiga mkono kaa likaruka. Akanishika mabega, akanitazama masikio, nyusi, mgongo. "Tangu lini hausikii moto?" Nikasema tangu zamani. Baba akaanza kusema, "Ya Rabi, ya Rabi," bila kupumzika.

Munganga akanikalisha juu ya kigoda. Akanifunga macho kwa kitambaa, akatoa unyoya wa kuku. "Nikikugusa, onyesha kwa kidole mahali nimegusa. Ni hivyo tu." Basi nikajua mtihani wenyewe ndio huu. Akanigusa shavuni. Nilisikia vizuri sana, na sikunyanyua kidole. Akanigusa mkononi, sikunyanyua. Shingoni, kimya. Nilisikia pumzi zake zinavyobadilika, na nilisikia baba ameacha hata kumwita Mungu. Mimi moyoni nilikuwa ninahesabu kwamba nimekaribia, nimekaribia, leo nitalala kwa mama.

Akainua mguu wangu, akapitisha unyoya chini ya wayo.

Nilijibana. Nilijiuma ulimi. Akapitisha tena, taratibu, kutoka kisigino mpaka vidoleni, na kicheko kikanipasuka, kicheko kikubwa cha kitoto, nikavuta mguu, nikaanguka kutoka kwenye kigoda, nacheka na kulia pamoja. "Hapana, hiyo haihesabiwi!" nikapiga kelele. "Rudia! Rudia nyingine!" Akarudia, kwa pini safari hii, na kabla sijajiandaa nikasema, "Aii!"

Munganga alisimama, akaweka mikono mdomoni, akaita kuelekea kule ng'ambo ya gogo, "Anasikia! Huyu mutoto anasikia! Ni muzima kabisa!"

Na mama yangu akapiga vigelegele.

Nikavua kitambaa machoni. Alikuwa amesimama, vitambaa vya mikono vinapepea juu ya kichwa chake, anazunguka, anacheza, na wale wanawake wote wa kambi, wenye vidole na wasio na vidole, wamemzunguka wakipiga vigelegele kama mbele ya nyumba ya harusi. Vigelegele vile vile vya shughuli za Kasongo. Nimeshindwa mtihani, nimefungiwa mlango, na mama yangu anacheza ngoma.

Nilivunjika moyo siku ile kwa namna ambayo wajane wenzangu wanaielewa. Baba alinipakia kwenye kinga, akafuta uso kwa kofia yake. Nikamuuliza, "Baba, mama hanitaki?" Alikaza kamba ya koleo pembeni, akaanza kusukuma. Nyuma yetu niliisikia sauti ya mama ikifuata, nyepesi, ya kucheka, ya mtu aliyetuliwa mzigo: "Mwamini! Koleo! Umesikia, mama yangu? Koleo!" Mimi nilikuwa ninalia kwa nguvu mno, sikuweza hata kuitika.

Hakufikia mavuno mengine. Homa nyingine ilimkuta amedhoofika, na habari ilikuja na dereva wa kamio, lile lori la mizigo, mama akiwa ameshazikwa na wenzake. Baba aliniambia kitu kimoja tu, kwamba wali wangu ule tuliousahau motoni uliungua chini, na mama aliula wote, mpaka ukoko.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msemo huu nilikuwa nikiuimba tu kama watu wote, mpaka mtoto wangu wa kwanza alipotambaa akagusa figa. Alipopiga ule ukelele, mwili wangu mzima ulifurahi kabla akili haijajua kwa nini. Ndipo nikakaa chini, nimempakata na kidole chake chekundu, nikasikia vigelegele vya mama kwa mara ya kwanza jinsi vilivyokuwa. Nilikuwa nimevichukia miaka yote ile. Mikono yangu haijaacha kushika makaa, kwa sababu ndiyo kazi pekee aliyonirithisha, na kila ninaposhika inauma, wala haijaisha kidogo kidogo kama yake. Namshukuru Mungu. Na bado nataka mama yangu.

Basi juzi, niko pale barazani najifuta kwa ncha ya kitenge, nikasikia kutoka jikoni, "Aii! Nkambo! Nkambo, nimeungua!" Kumbe Faida hakunisikiliza, watoto hawa. Nilitaka kuinuka nimgombeze. Badala yake ulimi wangu ukaanza wenyewe, kigelegele kirefu, kikali, mpaka yule jirani akachungulia tena juu ya ua.

Faida alitoka na kidole mdomoni, macho yamejaa maji, amekasirika kwelikweli. "Nkambo, mimi niko nalia, na weye unafurahi?"

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia, nikamvuta mapajani, nikampuliza kidole. "Lia. Lia kwa nguvu, mama asikie."